Machela Nyekundu Kwenye Lango la Bwana Mkubwa

Haya nimeyapata kwa Shangazi Qi, mke wa mpishi wa Bwana Mkubwa Wen, majira ya baridi yale bahari ya Weihai ilipoganda ufukweni na watu wakashindwa kutoka nje. Tulikuwa tumekaa juu ya kitanda cha matofali, moto chini yetu, tunamenya karanga za mbegu. Yeye aliyapata kwa mumewe, na mumewe alikuwepo. Kwa hiyo msinibishie.

Wiki iliyopita tuliachana ngazi imeegemezwa kwenye banda la farasi la Bwana Mkubwa, na Mjane Jiang, na miguu yake midogo iliyofungwa tangu utotoni, yuko kipandio cha tatu. Wengine mliuliza kama ataanguka.

Hakuanguka. Mwanamke mwenye hasira haanguki mpaka amalize.

Alifika juu, akakaa kwenye paa la majani ya bahari, akapanga nguo zake vizuri, akafungua pepeo ingawa baridi ilikuwa inauma. Kwetu mwanamke aliyekosewa, na hana mume wa kumsemea, hupanda juu ya paa akatukana. Hakuna sheria ya kumshusha. Hushuka akiridhika, au koo likikauka.

Koo la Mjane Jiang lilikuwa bado bichi.

"Watu wa Weihai, nisikilizeni. Humu ndani anakaa mtu mrefu kama mlingoti, pua yake inaingia chumbani yeye bado yuko uani. Amevuka bahari zote kuja kutuhukumu sisi, na mama yake hakumfundisha neno moja dogo. Hakumfundisha kusema hapana."

Watu walikwisha kujaa barabarani. Wengine walikuja na viti.

Na pale langoni, juu ya mabenchi mawili ya mahakama, ilikuwa imewekwa machela nyekundu ya harusi, pazia limeshushwa. Ndani yake alikuwa Suqin, binti wa pekee wa huyu mjane. Hajala tangu jana, kama ilivyo desturi, na hajasema neno, kama ilivyo desturi vilevile.

Aliyekosa gazeti wiki iliyopita asihangaike, nitamwambia kwa kifupi. Asubuhi ile machela nyekundu ilikutana na machela ya kijani ya Bwana Mkubwa katikati ya daraja la mawe, ambalo machela mbili zikipishana wabebaji wanavuta tumbo. Kiongozi wa wabebaji wa harusi, Mzee Sun, mtu wa adabu kupita kiasi, akainama akasema, "Pita wewe kwanza, Bwana Mkubwa."

Bwana Mkubwa akasema, "Asante sana." Akapita.

Habari ikatangulia kufika kijiji cha Baishi kabla ya machela. Mzee Cong, babu wa bwana harusi, akafunga lango kwa mkono wake. Alisema bibi harusi aliyempisha mtu siku ya harusi yake atapisha watu maisha yake yote, na yeye hataki mke wa mjukuu wake awe mwanamke wa kupisha. Kama ataingia, aingie kama mtu ambaye dunia imempisha. Na iwe kabla ya saa sita mchana, maana baada ya hapo ni saa ya wanaoolewa mara ya pili.

Machela ya harusi hairudi nyuma. Wala haigusi ardhi mpaka lango la mume. Basi wabebaji wakawa na njia moja tu, ya mbele, na njia ya mbele ilizunguka ikafika kwa yule aliyeharibu.

Sasa tuingie ndani.

Bwana Mkubwa alikuwa mezani na yai lake. Jina alilopewa na baba yake ni Lionel Wendover, mwana wa tatu wa mwinyi mmoja mkubwa wa Uingereza, mwenye nyumba ya madirisha yasiyohesabika. Sisi tulimwita Wen. Alitawala wilaya yetu kwa niaba ya mfalme wake, na alisema lugha yetu kama kitabu cha zamani, kila neno limepigwa pasi.

"Mzee Qi," alimwambia mpishi wake, "yule mama juu ya banda anasema nini?"

"Anasema pua yako ni ndefu, Bwana Mkubwa."

"Hilo nimelisikia. Lingine."

"Anasema hukukataa."

"Nilipaswa kukataa nini?"

"Kupita."

"Waliniambia nipite."

"Ndiyo, walikuambia."

"Basi nikapita."

"Ndiyo. Kosa ndilo hilo."

Bwana Mkubwa akaweka kijiko chini. "Mzee Qi, mimi si mtu mgumu wa kuelewa. Mtu akiniambia pita, nami nikapita, nimekosea wapi?"

Mpishi akafikiri namna ya kumwambia bila kumwumiza. "Bwana Mkubwa, siku ile ulipopita kwangu, nikakuambia karibu ubaki ule, ulifanya nini?"

"Nilibaki nikala."

"Ndiyo maana mke wangu anakuogopa mpaka leo."

(Shangazi Qi alipofika hapa aliacha kumenya karanga akacheka peke yake. Alikuwa na samaki mmoja tu nyumbani siku ile.)

"Neno la kwanza ni adabu ya msemaji," mpishi aliendelea. "Unakataa. La pili ni adabu yake tena. Unakataa. La tatu ndipo unamtazama usoni, uone kama anamaanisha. Mzee Sun alikuambia mara moja tu, tena huku ameshaanza kuinua mguu apite yeye. Hata mtoto anajua bibi harusi ndiye wa kupita."

"Mimi sikujua. Tangu nizaliwe watu huniambia nitangulie, na mimi hutangulia. Hakuna aliyewahi kushangaa."

"Haya. Na kwenu, wakienda kula, nani huingia kwanza?"

Hapo macho ya Bwana Mkubwa yakang'aa. Hilo alilijua kuliko sala. Akaeleza mke wa mwinyi mkubwa hutangulia, mke wa mwinyi mdogo humfuata, mkubwa kwa kuzaliwa hivi, mkubwa kwa kuolewa vile. Akasema mjomba wake aliwahi kumtanguliza mke wa askofu mbele ya shangazi yake mwenyewe, na nyumba hizo mbili hazijala pamoja hadi leo.

"Kwa ajili ya mlango?" mpishi aliuliza.

"Kwa ajili ya mlango. Unadhani ni jambo dogo?"

"Mimi? Sidhani hata kidogo. Basi leo, njiani, mwenye cheo cha juu kuliko wote ni yule binti ndani ya machela nyekundu. Leo tu. Wazee wetu husema hata mfalme akikutana naye hushuka akasimama kando."

"Ananizidi mimi?"

"Anakuzidi wewe na baba yako."

Uso wa Bwana Mkubwa ukawa mweupe kuliko lile yai.

"Kwa hiyo nimemtangulia mtu mwenye cheo kunizidi."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu wengi."

"Darajani."

"Katikati yake."

Bwana Mkubwa akajishika kichwa. Mzee Qi alikuwa amemwona bwana wake na homa, amemwona na dhoruba, amemwona siku majambazi walipopiga risasi kofia yake. Hajapata kumwona hivi.

"Kwetu," Bwana Mkubwa alisema polepole, "mtu aliyefanya jambo kama hili huuza nyumba akahamia Ufaransa."

"Hapa si lazima uhame. Ulipopita vibaya, upishe vizuri. Palepale, watu walewale, kabla ya saa sita."

Bwana Mkubwa alikwisha kusimama. "Niletee kofia. Ile yenye manyoya."

Akatoka uani. Mjane Jiang alipomwona akakunja pepeo, akamwelekezea kama rungu.

"Ndiye huyo. Mtazameni. Amemaliza kula yai."

"Mama Jiang," Bwana Mkubwa alisema, akavua kofia, "nimemkosea binti yako. Ninakwenda darajani kumpisha. Tafadhali shuka, utaumia."

"Sishuki. Kutoka hapa naliona daraja lote. Nikiona umempisha nitashuka. Nikiona hukumpisha, nitaletewa blanketi nikae hapa mpaka mwaka mpya."

Bwana Mkubwa akaigeukia machela nyekundu pale langoni, akainama mbele ya pazia kama walivyomfundisha kuinama mbele ya malkia wake. Pazia halikujibu. Bibi harusi akisema njiani hujivunjia bahati.

"Yu hai?" alimnong'oneza Mzee Sun.

"Anapumua, Bwana Mkubwa. Anapumua kwa hasira."

Basi machela nyekundu ikainuliwa, ikaenda mbele, ikapinda kwa ufukweni na kupitia mashamba ya karanga ili irudi darajani bila kugeuka nyuma hata hatua moja. Zumari likaanza tena.

Na hapo, wasomaji wangu, mambo yakaharibika.

Wabebaji wa machela ya kijani walikuwa wamechuchumaa ukutani wanavuta tumbaku. Hawakuinuka.

"Inukeni twende," mpishi aliwaambia.

"Hatuwezi, Kaka Qi."

"Mnaumwa?"

"Sisi wote ni akina Cong wa Baishi. Babu amesema leo mkono wa Cong hautagusa ile kijani. Bwana Mkubwa anaweza kutufunga, lakini babu anaweza kutunyima kaburi."

"Nitakwenda kwa miguu," Bwana Mkubwa alisema.

"Ukienda kwa miguu," mpishi alimjibu, "wewe ni mpita njia. Mpita njia akimpisha bibi harusi, hiyo si habari. Lazima ushuke kutoka kwenye cheo chako, watu waone unashuka."

Bwana Mkubwa alilielewa hilo mara moja. Angeweza kulisema yeye.

Basi mbele alibeba mpishi, nyuma akabeba mtunza bustani, mzee mwenzake. Kazi ya wanaume wanne ikafanywa na wazee wawili, na ndani yupo mtu mwenye urefu wa mlingoti. Walikwenda kama kaa. Juu ya paa Mjane Jiang alikuwa akiwahesabia makosa. "Kulia. Nimesema kulia. Mnambeba mtu au mnaiba kabati?"

Kabla ya kufika mashamba ya karanga, sakafu ya machela ikasema kraa. Mzigo ukawa mwepesi ghafla.

"Ah," mpishi alisema, "sasa tumezoea."

"Hamjazoea," sauti ya Bwana Mkubwa ilitoka ndani. "Nimetoboka. Endeleeni, na mimi ninatembea."

Hivyo ndivyo alivyofika darajani mwana wa mwinyi. Chini ya machela ya kijani, kati ya miguu ya wazee wawili, zilionekana buti mbili nyeusi zinakwenda kwa heshima zote.

Ng'ambo ya daraja, kwenye kigoda chake, alikuwa amekaa Mzee Cong na kiko mdomoni. Kijiji chote cha Baishi kilikuwa nyuma yake.

"Babu, umekuja kuangalia?" mtu alimwuliza.

"Nimekuja kuota jua," alisema. "Daraja liko mbele ya jua. Nifanyeje?"

Machela nyekundu ikaingia darajani upande huu, ya kijani, iliyokwisha kuvuka mto kule chini kwenye maji mafupi, upande ule. Zikakutana katikati, mahali palepale. Mpishi na mtunza bustani wakatua. Mlango ukafunguliwa, Bwana Mkubwa akatoka ameinama, akanyooka, akavua ile kofia ya manyoya akaikumbatia kifuani. Akasogea hadi ukingoni kabisa.

"Tafadhali," alisema, na sauti ikafika mpaka kwa Mzee Cong, "pita wewe kwanza."

Watu wakahema. Ndiyo hiyo, imekwisha.

Lakini Mzee Sun, kiongozi wa wabebaji, alikuwa mtoto wa mtu wa adabu na mjukuu wa mtu wa adabu. Mtu mkubwa amemwinamia. Kinywa chake kikafunguka chenyewe kabla kichwa hakijakiuliza.

"Hapana, hapana, Bwana Mkubwa. Pita wewe."

Mpishi alifumba macho. Kutoka mbali, juu ya paa, sauti ilisikika. "Kataa, wewe mlingoti. Kataa."

"Sithubutu," Bwana Mkubwa alisema. "Pita wewe."

"Sisi ndio tusiothubutu. Pita wewe."

"Nitawezaje kutangulia mbele ya heshima kubwa namna hii? Pita wewe."

"Sisi watu wa kubeba tu, tutawezaje? Pita wewe."

Sasa Mzee Sun alikuwa anatoka jasho. Alikwisha kuona alichokifanya, lakini angenyamaza vipi? Wa kwanza kunyamaza ndiye asiye na adabu, na Baishi yote ilikuwa ikisikiliza. Na Bwana Mkubwa alikuwa ameionja ladha yake. Alikataa kwa maneno ya vitabu, akakataa kwa methali, akakataa kwa kumtaja babu wa Mzee Sun ambaye hakumjua.

Mzee Cong akatoa kiko mdomoni. "Anakataa vizuri," alimwambia jirani yake. "Mgeni, lakini anakataa kama mtu aliyezaliwa hapa."

"Vizuri sana," jirani alisema. "Lakini jua linakwenda, Babu."

Na kweli jua lilikuwa linakwenda. Kule kisiwani askari wa majini walikwisha kusimama karibu na mzinga wao, ule wanaoupiga saa sita kila siku. Mabega ya wabebaji yalianza kutetemeka, maana machela ya harusi haigusi ardhi. Mpiga zumari pumzi zilimwishia, akashika magoti. Mjane Jiang alikuwa akipiga kelele kwamba inatosha sasa, mmoja akubali, lakini hakuna aliyejua anamwambia nani.

"Pita wewe, Bwana Mkubwa."

"Hata kidogo. Pita wewe."

Ndipo neno lilipotoka ndani ya pazia jekundu.

"Baba."

Kila mtu akaigeukia machela. Hata paa lilinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Suqin hakuwahi kumwita mtu yeyote neno hilo. Baba yake alikufa yeye hajajua kutembea.

"Baba," alisema tena, kwa upole, kama mtu anayeongea jikoni kwao, "sogea. Mtoto wako anapita."

Nyinyi mnaosoma mna watoto, mnajua. Kukataa ni kwa watu wa nje. Watu wa nyumba moja hawakataliani mlangoni. Nani amewahi kumwambia bintiye pita wewe, hapana wewe, hapana wewe? Akikwambia sogea, unasogea.

Bwana Mkubwa alisimama na kofia yake kifuani. Hakuwa na mke wala mtoto. Shangazi Qi anasema mumewe alikuwa karibu kabisa, na aliona anavyoibana ile kofia.

"Ndiyo, binti," alisema.

Akasogea. Alisogea kwa moyo wote kiasi kwamba ukingo ulimwishia, na mwana wa mwinyi akatumbukia kwenye tope la mto hadi magotini. Hakuna aliyemwokoa, kila mtu alikuwa anatazama machela. Mzee Sun alipiga kelele moja, wabebaji wakaondoka kama waliofukuzwa na nyuki.

"Babu," jirani alimwambia Mzee Cong, "bibi harusi amesema njiani."

Watu wakageuka. Mzee Cong alikigonga kiko chake kwenye kigoda, taratibu.

"Amesema na baba yake," alisema. "Hiyo si kusema. Hiyo ni kuaga."

Na hapohapo mzinga ukalia kisiwani, buum, na machela bado iko darajani.

Wabebaji wakasimama. Mjane Jiang juu ya paa akajifunika uso kwa pepeo. Saa sita imefika, na binti yake hajavuka.

Mzee Cong akainuka kwenye kigoda. Akageukia kisiwa. "Hiyo nini?"

"Mzinga wa saa sita, Babu."

"Wa nani?"

"Wa Waingereza."

"Ni saa sita yao hiyo." Akatazama kivuli chake mwenyewe ardhini, akakitazama kwa muda. "Yangu bado. Kivuli kiko upande wa asubuhi."

Kila mtu aliona kivuli kilikuwa kimeelemea wapi. Baishi nzima ilikitazama kile kivuli. Hakuna aliyesema neno, na mpaka leo hakuna aliyesema, isipokuwa Shangazi Qi aliponiambia mimi, na mimi ninapowaambia ninyi.

"Fungueni lango," Mzee Cong alisema. "Binti wa watu anasubiri."

Bwana harusi, Baotian, alikuwa amesimama nyuma ya lango hilo tangu alfajiri na koti jipya linalomkaba shingo. Lango lilipofunguliwa alikuwa amelilaza sikio juu yake, akaanguka nje. Ndivyo Suqin alivyomwona mumewe mara ya kwanza, kupitia upenyo wa pazia, amepiga magoti. Alimwambia Shangazi Qi baadaye kwamba hakuchukia.

Akapandishwa kwenye kitanda cha matofali kuketi kama bibi harusi anavyoketi. Wanawake wakimpanga nywele, aliona dirishani mtu mrefu anavuka ua, anaacha alama za tope.

"Baba amelowa," Suqin alisema. "Mpeni soksi kavu."

Mama mkwe akamtazama. Kisha akaenda akazitafuta soksi. Mzee Cong aliposikia hayo alicheka mpaka akakohoa. Huyo sasa si mwanamke wa kupisha.

Karamu ilianza. Bwana Mkubwa alikalishwa kiti cha juu, kichwa cha samaki kimemwelekea yeye, miguuni soksi nene za pamba za Mzee Cong zinamfika kwenye vifundo tu. Akaletewa sambusa za kuchemsha. Akakataa. Akaletewa tena, akakataa. Alikuwa mtu mwenye furaha.

"Mkwe," Mzee Cong alimwambia, "acha hayo. Wewe sasa ni wa ndani. Kula."

Akala. Akanywa pombe kali ya mtama, ile inayoshuka kama kamba ya moto. Baadaye akamvuta Mzee Qi kwa mkono wa koti.

"Lile neno. Baba. Ni neno la heshima tu, siyo?"

"Mbele ya vijiji viwili, Bwana Mkubwa?"

"Kwa hiyo si la heshima tu."

"Ulisema 'ndiyo, binti.' Nilikuwa karibu. Ulisema hapohapo alipokuambia usogee, hukukataa hata kidogo."

Bwana Mkubwa akanywa kikombe kingine. "Sikutaka kukataa," alisema. Kisha akauliza, "Baba hufanya nini?"

"Si mengi. Siku ya tatu binti hurudi nyumbani kwa baba yake, na mumewe. Wanakula, wanaondoka."

"Nyumbani kwa Mama Jiang."

"Mama Jiang ana chumba kimoja. Nyumba ya baba ni kwako. Wanakuja na akina Cong wote."

"Wote?"

"Nimekwisha kufikiria nguruwe. Tatizo ni mwanamke. Lazima awepo mama mwenye nyumba wa kumpokea binti mlangoni, na sisi hatuna."

"Tutapata mtu," Bwana Mkubwa alisema, na ulimi umeshakuwa mzito. "Mwanamke wa heshima. Tutapata tu." Akajilaza kidogo pembeni ya kitanda cha matofali cha wageni, atafakari. Mzee Cong alikwisha kulala upande wa pili, kiko mkononi. Kabla samaki hajageuzwa aliwe ubavu wa pili, Bwana Mkubwa naye alikuwa amelala, mdomo wazi, pamoja na wazee wa Baishi waliopangana kama mikate kwenye chombo cha mvuke. Mchana mweupe kabisa.

Mjane Jiang alishuka kwenye paa peke yake, hakuna aliyemshikia ngazi. Akaenda kwake akalala na viatu. Na Suqin, aliyetakiwa kukaa wima akiwa macho, alilala amekaa wima, na Baotian akasimama mbele yake ili mtu asione, mpaka naye akalala amesimama, kichwa kwenye nguzo.

Mzee Qi peke yake alikuwa macho, anahesabu mabakuli ya siku ya tatu, mlango uliposukumwa. Alikuwa Tao, tarishi wa bandarini, mzee mwenye pumu, amekimbia njia nzima.

"Bwana Mkubwa yuko wapi?"

"Yule pale. Soksi fupi. Zungumza polepole."

"Nahodha wa meli ya leo amesema, meli ya kesho kutwa inamleta mgeni wa Bwana Mkubwa. Mwanamke, mzee, na masanduku ya kujaza mikokoteni. Na mbwa."

"Mgeni gani?"

"Mama yake."

Mpishi alikaa chini. Mama wa Bwana Mkubwa hakuwahi kumwona. Alichojua ni kwamba bwana wake humwandikia kila Jumapili, na kwamba kabla ya kumwandikia huvaa koti kamili na tai, akakaa wima, ingawa mama yuko ng'ambo ya dunia na hawezi kumwona. Kesho kutwa ndiyo siku ya tatu. Atashuka melini akute mlangoni kwa mwanawe mjukuu mtu mzima, na mume wa mjukuu, na akina Cong wote na zumari lao, wanamwita bibi.

"Utamwamsha?" Tao aliuliza.

Mzee Qi akanyoosha mkono hadi begani kwa bwana wake. Bwana Mkubwa alikuwa anatabasamu usingizini. Hajapata kumwona akitabasamu usingizini, na amemhudumia mwaka hadi mwaka.

Akaurudisha mkono.

"Kunywa kwanza," alimwambia Tao, akammiminia. Tao akakataa, akakataa, akanywa, akalala palepale kizingitini.

Mpishi alitazama huku na huku ndani ya chumba. Kwenye kitanda cha matofali palikuwa na nafasi ndogo, kati ya ukuta na mgongo wa Bwana Mkubwa. Akavua viatu, akapanda, akavuta ncha ya tandiko.

"Mama mwenye nyumba tumempata," alisema taratibu, hakuna aliyemsikia. Kisha naye akalala.